Safu ya Mnenaji

Siku tuliyomzika mama, shangazi yangu alishika maikrofoni mbele ya umati wote wa Kinoo akasema dawa za hospitali ndizo zilizomuua. Hakuzungukazunguka. Alisema, "Huyu mama alikuwa mzima. Alikuwa anakamua ng'ombe wake mwenyewe. Wakaanza kumpa vitembe vyao, na sasa mmeona." Watu wakaguna kule kuguna kwa matanga kunakomaanisha ni kweli kabisa, na mzee mmoja nyuma ya hema akaitikia kwa sauti, "Wanatumaliza!"

Mimi nina mdomo. Muulize yeyote anayenijua, kuanzia ofisini hadi kwa wauza nyanya wa Kangemi, atakwambia huyo dada hanyamazishwi. Nimewahi kumfokea meneja wa benki mpaka akaniletea kiti mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nimefunga kitambaa cheusi, na sentensi moja tu ingetosha kumketisha shangazi. Nilijua mama aliachishwa dawa na nani. Nilijua kwa maneno gani na siku gani, kwa sababu yameandikwa. Nikanyamaza. Niliangalia viatu vyangu hadi shangazi akamaliza na kwaya ikaanza.

Acha nianze na chai ya saa nne, ingawa sina raha yoyote ya kuikumbuka.

Nafanya kazi mjini kati, orofa ya tano, kampuni ya bima ambayo siitaji kwa sababu bado ndiyo inayonilisha. Saa nne kamili chai inaletwa na mandazi, na zamani hizo mhasibu wetu alikuwa anavuta kiti, anatoa simu, anasema, "Leo niko na moto." Hapo sote tunasogea. Moto wenyewe ulikuwa ni zile habari zinazozunguka dunia nzima bila mwenyewe. Kwamba mwezini hakuna binadamu aliyefika, zile picha zilipigwa kwenye banda jangwani. Kwamba dunia ni bapa kama sinia na kuna wanajeshi wanaolinda ukingo tusichungulie. Kwamba mwanamuziki fulani aliyezikwa zamani yuko hai kisiwani anafuga mbuzi. Kwamba njiwa wa mjini si ndege, ni kamera za serikali, ndiyo maana hujawahi kuona kinda la njiwa. Kwamba ndani ya chanjo kuna kidude cha kukufuatilia kila uendako. Kwa hiyo ya kidude nilisema, "Wacha wanifuate, watachoka wenyewe. Kangemi, ofisi, Kangemi, Jumamosi Kinoo kwa mama. Watalala usingizi." Ofisi nzima ikaanguka kwa kicheko.

Tulikuwa tunazipa alama juu ya kumi, na mimi ndiye nilikuwa hakimu. Sitadanganya, nilizipenda. Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Lakini kile kicheko kilikuwa na maringo ndani yake, hilo nalijua sasa. Wanaoamini walikuwa wajinga fulani huko nje, hatuwajui, na sisi tulikuwa watu wa orofa ya tano.

Mama hakuwa mjinga. Nalisema hili kwa hasira kwa sababu nimesikia sana watu wenye digrii wakisema ati wazee wanaamini lolote. Mama alikuwa katibu wa akina mama wa kanisa kwa miaka mingi kuliko umri wa watu wengi ofisini kwetu. Alikuwa na daftari la jalada gumu, na kila ukurasa aliupiga mistari kwa rula, safu tatu: Tarehe, Mnenaji, Neno. Kanisani kwao hakuna neno linalosimama bila mwenyewe. Ukitoa fundisho, katibu anaandika ni wewe uliyelitoa, na Alhamisi, kwenye ushirika wa nyumbani, analisoma tena mbele ya akina mama pamoja na jina la aliyelileta, ili likiwa na kasoro wajue wa kumrudia. Mama aliufuata utaratibu huo mpaka kwenye mambo ya nyumbani. Ukimletea habari ya harusi, ataandika nani kaileta. Shangazi alipoleta za kwake, mama aliandika jina la shangazi kwa penseli, kwa sababu, alivyosema, "hizo ni za kufutwa."

Alikuwa na presha. Kila mwezi alitembea hadi kliniki kuchukua tembe zake za bure, nyeupe, kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Alikuwa na ng'ombe mmoja na robo eka, na hiyo robo eka ilikuwa imezingirwa. Kinoo ya utotoni mwangu ilikuwa mahindi na migomba. Ya sasa ni ghorofa zinazochungulia jikoni mwako. Mzee anafariki, watoto wanauza, mwaka haujaisha kuna orofa sita na nguo zimeanikwa hadi juu. Mama aliwajua wote waliokuwa wakikaa pale kabla ya zile ghorofa, kwa kuwa walikuwa rika lake. Madalali walifika langoni wakimwita bibi kwa Kikuyu, "Cucu, bado hujachoka na hii shamba?" Aliwafukuza kwa ufagio. Jioni ananipigia simu na kuniambia, kwa lile jina la kubembelezea mabinti, "Mami, leo wamekuja wengine. Wanangoja nife." Mimi namwambia, "Mama, wacha hizo."

Halafu Jumanne moja, jirani yake, mama mmoja wa kutoka magharibi mwa nchi anayepanga chumba ng'ambo ya ua na kuuza mboga soko la Kangemi, alisikia ng'ombe akilia bila kunyamaza. Akaenda kuangalia. Akamkuta mama ameanguka kando ya zizi, ndoo imepinduka, maziwa yamemlowesha gauni lote, mdomo umeenda upande.

Daktari aliniuliza swali moja tu pale wodini: "Dawa ya presha alikuwa anakunywa?" Nikamjibu kwa kiburi, "Vizuri sana. Mama yangu ni mtu wa utaratibu." Akaniangalia, akaandika kitu, akaenda.

Nilirudi Kinoo kumchukulia nguo. Chini ya vitenge vyake, kabatini, kulikuwa na kopo la majani ya chai. Nikalifungua nikidhani ni vifungo. Ngai, Mungu wangu! Zilikuwa tembe. Bahasha kwa bahasha, kila moja na mwezi wake, zimepangwa kuanzia ya zamani hadi ya juzi, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Ina maana mama alikuwa anaenda kliniki kila mwezi, anakaa foleni, anapokea, anasema asante, anarudi nyumbani, anazifungia kwenye kopo. Niliketi kitandani na lile kopo mapajani na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka. Sikumkasirikia yeye. Nilimkasirikia mtu mmoja nisiyemjua, aliyemwendea mama yangu na kumwambia jambo.

Siku ya kuruhusiwa daktari aliniweka pembeni. "Kiharusi cha kwanza kimechukua mkono wa kulia na ulimi," akasema. "Akili iko sawa, anaelewa kila kitu. Lakini cha pili hakitamwacha. Asikose tembe hata siku moja." Nikasema nimesikia. Nikaomba likizo ofisini, nikahamia Kinoo, nikanunua tembe mjini kwa mkono wangu mwenyewe ili asiseme ni zile za kliniki.

Alikataa. Nilimwekea tembe mdomoni, akaisukuma nje kwa ulimi ule ule uliokataa kusema. Nilibembeleza, nikaomba, nikapiga kelele, haki ya Mungu nilimpigia mama yangu mgonjwa kelele, kisha nikalia nikamwomba msamaha, kisha nikajaribu tena. Midomo ilikuwa imelegea upande mmoja, lakini kwa tembe ilijua kujifunga. Nikamuuliza, "Ni nani alikwambia usinywe? Ni Pasta?" Akatikisa kichwa. "Ni shangazi?" Akatikisa. "Ni jirani?" Akatikisa. "Sasa ni nani, mama?" Hapo hakutikisa. Alinitazama tu, akanikazia macho muda mrefu, mpaka mimi nikaangalia pembeni. Nilifikiri ni ugonjwa.

Ndugu yangu, ambaye ana karakana ya kuchomelea mageti Dagoretti Corner, alinishauri kwa simu tuisage tembe tuitie kwenye uji. Tukafanya hivyo. Mama alichukua kijiko cha kwanza, akaushika uji mdomoni, akautafakari, akautema kwenye kanga. Kuanzia siku hiyo hakula tena kitu kilichotoka mikononi mwangu. Alikula ugali na mboga za yule jirani, kidogo kidogo, kwa mkono wa kushoto, na mimi nimesimama mlangoni naangalia. Sasa nilikuwa nimemthibitishia kwamba kweli kuna watu wanaotia vitu kwenye chakula.

Basi nikaamua. Aliyemwambia asinywe ndiye atakayekuja amwambie anywe. Nitamtafuta, nitamvuta kwa kola ikibidi, nitamleta mpaka kando ya kitanda, aseme kwa mdomo wake kwamba alidanganya. Hakuna mwingine ambaye mama angemsikiliza. Mpango wenyewe niliuona mzuri sana.

Nilianza na Pasta, kwa sababu yeye ana kipaza sauti. Jumapili baada ya ibada nilimngoja mlangoni, watu wakiwa bado wanapeana mikono, nikamwambia, "Pasta, mama yangu anakufa kwa sababu ya mahubiri yako." Hakukasirika. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatoa bahasha ndogo ya karatasi, ile ile ya kliniki, akanionyesha. "Dada, mimi mwenyewe ninazimeza," akasema. "Nina presha kumshinda mama yako. Lakini nenda kawaulize akina mama wa Alhamisi. Kuna kitu kilisomwa huko, na tangu kisomwe nimekuwa nikiwaona wengine wanadhoofika." Nikamuuliza ni kitu gani. Akasema hakuwepo, wanaume hawaingii Alhamisi.

Alhamisi! Nikajua moja kwa moja. Yule jirani, waliyekuwa wakienda naye ushirika. Si ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka kwa mama kila saa? Si ndiye peke yake aliyebaki akimlisha? Nilijidanganya vizuri kweli, nikasahau hata kwamba mama alikuwa ametikisa kichwa.

Jumatatu nilishuka hadi soko la Kangemi. Alikuwa ameketi nyuma ya mafungu yake ya mboga, sukuma na managu, anafunga kwa kamba ya mgomba, wateja wawili wamesimama. Sikumsalimia. Nilisema kwa sauti ile ninayoijua mwenyewe, "Wewe mama! Wewe ndiye ulimlisha mama yangu upuzi wa dawa, halafu sasa unajifanya wa kumwonea huruma?" Soko likageuka. Muuza omena akasimama na kikombe chake cha kupimia dagaa. Niliongeza na mengine, sitayaandika hapa, yalihusu kwao na alikotoka, na yananiaibisha hadi leo.

Aliendelea kufunga mboga mpaka nikamaliza. Kisha akaweka fungu chini. "Mami," akasema, "hiyo maneno mimi nilisikia kwa mama yako."

"Ati nini?"

"Alhamisi. Alisimama akafungua daftari, akasoma. Alisema ile tembe nyeupe ya presha wanaleta huku si ile wanakula kwao. Iko na kitu ya kumaliza wazee pole pole, ndio mashamba ibaki wazi. Kila mtu alikuwa anafikiria hizo ghorofa. Hata mimi nina presha, na mimi niliacha siku hiyo hiyo."

"Na yeye alitoa wapi?"

"Alisoma jina ya mwenye kuleta mwisho, lakini hapo mimi nilikuwa nimeingia jikoni kukoroga chai ya wageni. Uliza daftari."

Nilisimama pale katikati ya soko. Maneno yenyewe niliyajua. Nilijua niliwahi kuyasikia mahali, neno kwa neno. Nikajiambia wacha wasiwasi, habari kama hizo ziko kila mahali. Nikatafuta daftari nyumbani, halikuwepo. Ndugu yangu ndiye aliyebeba mkoba wa mama siku ya hospitali.

Nilienda Dagoretti Corner mchana ule ule. Alikuwa amevaa miwani ya kuchomelea, anaunganisha geti, cheche zinaruka hadi barabarani. Aliponiona alizima mashine bila kuulizwa. Hakutoa salamu, hakusema sasa wala mambo. Aliingia ndani, akatoa mkoba wa mama uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki ili usishike mafuta, akanipa daftari.

"Umelisoma?" nikamuuliza.

"Nimelisoma."

"Lini?"

"Siku ile ile ya hospitali." Akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu, lakini ya mchomeleaji ni mekundu siku zote. "Nilikuwa nangoja uulize. Sikuwa na mdomo wa kukwambia."

Nikafungua. Mwandiko wa mama ni mzuri, umenyooka, wino wa buluu. Nilipitia mahubiri, ndoa, vikao vya harambee, mpaka nikafika. Kwenye safu ya Neno maneno yote yalikuwepo, hakuacha hata nukta: tembe nyeupe, wazee, polepole, mashamba. Kwenye safu ya Mnenaji aliandika: *Binti yangu wa ofisini.* Kwa kalamu ya wino, si kwa penseli. Na chini yake alikuwa amepiga mstari kwa rula.

Nilikumbuka yote pale pale, nimesimama kwenye vyuma. Ilikuwa saa nne, chai na mandazi. Mhasibu akasoma ile ya tembe na mashamba, nikaipa tisa juu ya kumi. Nilisema, "Hii imetungwa Kinoo kabisa, hii lazima ndugu yangu aione acheke," nikaitupa kwenye grupu ya familia. Sikuandika neno langu lolote. Niliweka vikatuni vitatu vya kucheka, basi, nikarudisha simu mkobani na kumalizia andazi. Ndugu yangu alijibu kwa vikatuni vyake. Shangazi akajibu Amina. Mama hakujibu, hakuwa mtu wa kujibu kwenye grupu, alikuwa anasoma tu. Alivaa miwani yake, akakaa mezani, akanakili kila neno kwenye daftari. Vile vikatuni hakuvinakili. Katika maisha yake yote ya ukatibu, nani aliwahi kumletea neno la kifo huku anacheka?

"Na mimi nilicheka," ndugu yangu akasema. Alikuwa ameketi juu ya geti la watu. "Nilicheka, nikamwonyesha na fundi wangu."

Sikuweza kwenda moja kwa moja kwa mama. Nilipitia Kangemi kwanza, kwa yule jirani. Soko lilikuwa bado limejaa, na wale wale walionisikia asubuhi walikuwepo, kwa hiyo nilisema kwa sauti ile ile. Nikasema ni mimi, mama, mimi ndiye niliyelileta neno lile, na ulikuwa mchezo wa ofisini, na naomba unisamehe kwa niliyosema asubuhi, na kwa jina la Mungu rudi kunywa dawa zako. Alikuwa anarusha maji kwenye mboga zisinyauke. Aliendelea kurusha.

"Kumbe ilikuwa mchezo," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilipigia dada yangu huko nyumbani. Niliambia yeye pia aache." Akafuta mikono kwenye leso, akachukua simu yake. "Wacha nijaribu kumpata. Sijui nitamwambia nini. Nitamwambia mlikuwa mnacheza?"

Alirudia dawa yake, hilo nashukuru. Mpaka leo ananisalimia, ananiuliza habari ya kazi, lakini hanifungii mboga. Ananionyesha fungu, nalichukua mwenyewe.

Nilifika Kinoo jua likiwa bado liko juu, linaingia kwa dirisha mpaka kitandani. Mama alikuwa ameegemezwa mito miwili. Siku chache kabla, ndugu yangu alikuwa amemletea penseli na karatasi ajaribu mkono wa kushoto, naye alikuwa akijaribu, herufi kubwa kubwa za mtoto wa chekechea. Nilipiga magoti kando ya kitanda na daftari kifuani. Alipoliona daftari, uso wake ulitulia. Alikuwa ameningoja nilione.

Nikasema, "Mama, ni mimi."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Yeye alikuwa anajua siku zote. Kila nilipomuuliza ni nani, alikuwa ananijibu kwa macho.

"Haikuwa onyo, mama. Ulikuwa mchezo. Tunakaa ofisini wakati wa chai, tunasoma mambo ya uongo, tunacheka. Nilituma nicheke na ndugu yangu. Niliweka na alama za kucheka, hukuziona? Tembe hazina kitu. Hakuna anayekumaliza. Ni mimi niliyekosa, mama, ni mimi, nakuomba kunywa." Nilikuwa nalia kwa kelele, kamasi na machozi pamoja, sijali.

Hakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, vile alivyomsikiliza kila mnenaji kwa miaka yote ile, kisha akaonyesha daftari kwa kidole cha kushoto. Nikamfungulia ukurasa mpya. Haukuwa na mistari. Akaonyesha rula, nikampigia mistari mimi, safu tatu. Akashika penseli. Aliandika tarehe kwanza. Ilimchukua muda mrefu, na nilipotaka kumsaidia aliusukuma mkono wangu. Kwenye safu ya Mnenaji akaandika: MAMA. Akapumzika. Kisha kwenye safu ya Neno, herufi moja moja, nyingine zimepanda juu ya mstari:

NITAJUAJE SASA HUCHEKI

Akaweka penseli kwenye mkunjo wa daftari, pale pale anapoiweka siku zote.

Kiharusi cha pili kilikuja wiki mbili baadaye, asubuhi, na daktari alikuwa amesema kweli, hakikumwacha. Lakini mimi nikimkumbuka mama namkumbuka jua lile la dirishani. Nilitoa tembe, nikaileta karibu na mdomo wake, nikamwambia sicheki, mama, niangalie, naapa sicheki. Akaniangalia. Akafunga midomo, upande mzima ukiubana upande uliolegea. Nikaapa tena, nikaapa kwa Mungu na kwa baba aliyelala kaburini nje pale kando ya ua, na tembe ikayeyuka kiganjani mwangu nikiwa bado naapa.